Moyo Ukiacha Kudunda



Nianze na langu. Siku moja nilipata shilingi 6,000 za kibarua, nikamwambia mama watoto, hapa Mamboleo, kwamba ni 5,000. Moyo ulinidunda, hata chakula hakikupita. Mara ya pili nilificha 2,000, na moyo haukudunda sana. Mwishowe nilificha nusu nikalala usingizi mzuri. Nilidhani ni amani. Sivyo.

Mwaka 2016 wataalamu wa University College London walieleza jambo hili katika jarida la Nature Neuroscience. Waliwapa watu kazi ya kumshauri mwenzao juu ya kiasi cha sarafu zilizomo chupani, huku wengine wakipimwa ubongo kwa mashine. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo iitwayo amigdala, inayohusika na hofu na hisia nyingine. Mtu alipodanganya kwa faida yake, sehemu hiyo ilishtuka. Alipozidi kurudia, mshtuko ulipungua na uongo ukakua.

Basi, mpendwa msomaji, usingizi wangu haukuwa amani. Ulikuwa ganzi. Mvuvi wa Dunga hangoji maji yafike magotini. Huziba tundu la mtumbwi akiwa bado ufukweni.

Mimi nilingoja, hadi mtoto aliporudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Ndipo nikasema yote. Mama watoto alinyamaza siku mbili, kisha akauliza: "Baba watoto, na lingine ni lipi?" Halikuwapo lingine, lakini sikuwa tena na neno la kumfanya aamini.

Someni habari za Anania na Safira katika Matendo ya Mitume, sura ya 5. Nao walikuwa mume na mke, wakaficha sehemu ya bei ya kiwanja. Safira aliulizwa peke yake. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, akaufunga mwenyewe.

Leo jioni, baada ya sala, ketini wawili. Kila mmoja ataje mshahara, deni na mkopo wa chama. Anayesikiliza asifoke, maana aliyepigwa kwa maneno kesho ataficha tena. Kisha mwendeeni padre kwa Kitubio.

Na moyo ukikudunda kabla ya kusema, mshukuru Mungu. Bado unafanya kazi.