Ni Nani Aliyetenda Dhambi?

Injili ya Mtakatifu Yohane, sura ya 9, yasimulia kwamba wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake.

Swali lile lingali likiulizwa. Mkatekumeni wa Yanonge na amfikirie mama ambaye mtoto wake ametimiza miaka minne, naye hasemi wala hatembei. Majirani hunong'ona: mama amevunja mwiko, au mtoto ni mchawi. Huo ni uongo. Watoto wengine hukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wengine huumizwa ubongo na malaria kali. Mwaka 1959, huko Ufaransa, wataalamu walitangaza kwamba watoto wa namna moja huzaliwa na kromosomu 47 badala ya 46. Katika hayo mama hana hatia. Nayo sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 humwadhibu amtesaye mtoto kwa kumsingizia uchawi.

Lakini mama huyo ana mzigo. Usiku huamka mara nyingi. Mchana humbeba mgongoni mtoto aliyekwisha kuwa mzito, hata shambani kwenye mihogo. Mwili ukichoka, moyo nao huchoka: usingizi humpotea, hasira humjia upesi, kisha hujilaumu kwamba hampendi mwanawe. Ajue kwamba uchovu si dhambi, wala si upungufu wa upendo.

Watu husema, "Mama yule ana uvumilivu mkubwa," kisha hupita. Sifa hiyo haichoti maji wala haitwangi mihogo. Bwana wetu mwenyewe, katika njia ya Kalvari, alisaidiwa na Simoni wa Kirene kuchukua msalaba. Basi, ikiwa Mwokozi alisaidiwa, kwa nini mama aachwe peke yake?

Baba asiukimbie mji wake. Shangazi au jirani amshike mtoto asubuhi moja kila juma, mama apate kulala, kwenda sokoni, au kusali Misa. Amwite mtoto kwa jina lake, si kwa kilema chake.

Mkatekumeni aliyekwisha kujifunza amri ya kumpenda jirani asingoje siku ya ubatizo ndipo aishike. Aanze na nyumba ile ambayo watu huipita.