Tini la Hezekia na Stafeli Letu

Somo: 2 Wafalme 20:1-7

 

Tunataka kusema juu ya neno linalozunguka kambini, kwamba stafeli, ambalo hapa Uganda wanaliita kitafeli, linaponya kansa. Wengine wanachemsha majani yake, wengine wanauza juisi yake katika chupa. Je, Neno la Mungu linatufundisha nini?

Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa. Aligeukia ukuta, akaomba na kulia. Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Lakini angalieni: baada ya maombi, Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, naye mfalme akapona. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kutumia dawa ni kukosa imani. Maombi na dawa vilikwenda pamoja katika nyumba moja.

Tena angalieni jambo la pili. Tini lile liliwekwa juu ya jipu la mtu mmoja, kwa agizo la nabii. Biblia haisemi kwamba tini linaponya kila ugonjwa, wala Isaya hakufungua duka la tini.

Wapendwa, stafeli ni tunda zuri. Wataalamu wamejaribu maji yake juu ya seli za kansa ndani ya vichupa vya maabara, na seli zikafa. Lakini hata sabuni huziua seli ndani ya kichupa! Mpaka leo hakuna majaribio kwa wagonjwa yaliyothibitisha kwamba stafeli linaponya kansa. Tena katika kisiwa cha Guadeloupe, mwaka 1999, madaktari waliandika kuhusu wagonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, wengi wao wakiwa watu waliozoea kula tunda hili na kunywa chai ya majani yake. Kitu cha asili kinaweza pia kudhuru.

Je, Mungu hakuweka dawa katika mimea? Aliweka! Kuna ua la Madagaska ambalo limetoa dawa iitwayo vinkristini. Dawa hiyo inatumika kutibu uvimbe wa taya wa watoto, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Kampala. Lakini dawa hiyo husafishwa, hupimwa na kuchomwa kwa sindano hospitalini. Mwenye kuchemsha ua hilo nyumbani anaweza kunywa sumu.

Sasa tunaungama mbele yenu. Mama mmoja wa kanisa letu aliona uvimbe mdogo katika titi. Alikunywa maji ya majani ya stafeli miezi minane, akauza sehemu ya mahindi ya watoto wake ili anunue chupa. Sisi watumishi tulimwekea mikono, tukasema amina, na hatukumwuliza hata mara moja, "Mama, umekwenda kupimwa?" Alipofika kwa daktari, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Tulimzika. Stafeli halikumwua, lakini lilikula wakati wake, na ukimya wetu ulisaidia. Bwana atusamehe.

Kwa hiyo tunawasihi. Ukiona uvimbe usioondoka, kidonda kisichopona, damu isiyo ya kawaida, au mtoto anavimba taya, nenda kituo cha afya juma hilo hilo, uombe barua ya kupelekwa mbele. Taasisi ya Kansa ya Uganda iko Mulago, Kampala, tangu mwaka 1967. Kansa ikigunduliwa mapema, nyingi hutibika. Kama unatumia majani yoyote, mwambie daktari bila aibu. Nanyi wazazi, msiwafiche binti zenu chanjo ya kansa ya mlango wa kizazi, ambayo Uganda iliianza nchi nzima mwaka 2015.

Na matunda? Tuyale! Papai, embe, stafeli, pamoja na mboga za bustani zetu. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Chakula cha namna hii husaidia kuulinda mwili. Tumshukuru Mungu kwa tunda kama chakula, wala tusilitwike mzigo ambao hakulipa.

Nasi watumishi tumeahidiana: kila mgonjwa atakayekuja kuombewa tutamwuliza kama amepimwa, na asiye na mtu wa kumsindikiza, tutakwenda naye.

Mungu aliyeyaona machozi ya Hezekia ayaone na ya kwenu. Amina.

Ni sisi watumishi wenu katika Kristo.