Je, tumfungie maji mpangaji mwenye deni?

Februari mwaka huu nilisimama mbele ya bomba la nyumba yangu pale Katandala, Sumbawanga, spana mkononi. Mpangaji wangu mmoja alikuwa na deni la maji la miezi sita, shilingi 42,000. Mita ya maji ni moja na bili huja kwa jina langu. Isipolipwa yote tunakatiwa wote, pamoja na wapangaji wawili waliokwisha kutoa chao. Nikasema basi, namfungia upande wake.

Wenye nyumba wengi tunaona jambo hili halina mjadala. Bomba ni langu, asiyelipa akachote kisimani. Lakini nauliza: kufunga maji ni kudai deni au ni kuadhibu? Deni ni la baba, na watakaobeba ndoo alfajiri ni mkewe na watoto, ambao hawakukopa chochote.

Nisieleweke kuwa nasema maji ni bure. Wapo wanaokimbilia Hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuwa watu wanashirikiana katika maji, malisho na moto, wakaifanya ngao ya kutolipa bili wala kuchangia LUKU. Maji ya bomba yamesukumwa kwa pampu na kutiwa dawa, na gharama hiyo lazima mtu ailipe. Tena Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye uwezo akichelewesha deni anadhulumu. Niliwahi kuwa na mpangaji wa namna hiyo, mtu wa mshahara. King'amuzi chake hakikukosa kulipiwa hata mwezi mmoja, ila maji ilikuwa "kesho mzee". Huyo nilimfikisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na sijuti.

Huyu wa sasa ni mkulima. Anayeijua Ufipa anajua Februari ni mwezi gani: fedha yote imeshafukiwa shambani pamoja na mbolea, na mavuno ni mpaka Mei au Juni. Suratul Baqara, aya ya 280, inaagiza mdaiwa mwenye dhiki asubiriwe mpaka apate wepesi. Nimeisikia mara nyingi msikitini. Sikuwahi kujiuliza kama na mwenye nyumba yumo.

Nikiri kwamba kilichonizuia siku ile si aya. Ni yeye mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Kabla hujafunga, tuhesabu na hii."

Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini kwangu makato yaliangukia mita ya umeme ya upande wake. Miezi kumi na minne amenilipia, jumla 21,000, bila kunidai.

Sasa nani hapo alikuwa mdaiwa mwenye uwezo?

Tukakata hesabu, deni likabaki 21,000. Bili niliikamilisha kwa fedha yangu, naye tukaandikiana mbele ya wenzake kwamba atalipa akishauza mahindi. Mmoja wao, mama muuza mitumba, hakuridhika. Aliniuliza kwa nini yeye ajibane alipe kwa wakati, halafu mwenzake asubiriwe. Sikuwa na jibu la kumtosheleza, ila nilimwambia subira hiyo inatoka mfukoni mwangu, si mwake. Akaniangalia tu, akaingia ndani.