UFUNDI NI AMANA

Katika Sura Tauba Mwenyezi Mungu anatoa mfano wa watu wawili wajengao. Mmoja ameweka msingi wa jengo lake juu ya kumcha Mungu na kutafuta radhi Yake. Wa pili amejenga ukingoni mwa gema linalomomonyoka, nalo likaporomoka pamoja naye Motoni. Mfano huo wahusu kwanza nia za mioyo. Lakini sisi wa Dar es Salaam tumeuona hata kwa macho ya kichwa.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 asubuhi likaanguka jengo la ghorofa nne Kariakoo, penye Mitaa ya Mchikichi na Congo. Waliofukiwa walisikika wakiwaita waokoaji kutoka chini ya kifusi. Wengi walitolewa wakiwa hai, lakini zaidi ya watu 20 walifariki. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Baada ya misiba kama hiyo wapo wasemao: "Ni kadari ya Mungu, tufanyeje?" Ndugu msomaji, na tulitazame neno hilo. Kadari kwa asili yake maana yake ni kipimo. Mwenyezi Mungu ameumba kila kitu kwa kipimo. Saruji, mchanga, kokoto na maji vikichanganywa kwa kadiri yake, zege hubeba mzigo wake. Maji yakizidi, zege hudhoofika. Nguzo iliyopimiwa ghorofa chache haiwezi kuongezewa nyingine bila hesabu mpya, wala msingi hauchimbwi ubavuni ili kupata ghala la bidhaa. Hiyo ndiyo kadari ya Mungu katika ujenzi. Basi apunguzaye nondo usiku, kisha asubuhi akamsingizia Mungu, ameasi mara mbili: ameivunja kadari, tena ameisingizia.

Tazameni habari za Nabii Daudi a.s. katika Sura Sabaa. Mungu alimlainishia chuma, akamwagiza atengeneze deraya kamili, apime sawasawa pete zake, na papo hapo akaamrisha kutenda mema. Kwa nini kipimo cha pete na matendo mema vimewekwa pamoja? Kwa sababu pete moja iliyolegea ni njia ya mkuki kuingia kifuani mwa askari aliyemwamini fundi. Kupima vizuri ni ibada ya fundi.

Mtume Mtukufu s.a.w. alipita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Mwenyewe alisema ni mvua. Mtume s.a.w. akamwuliza mbona hakuiweka juu watu waione, akatangaza kuwa adanganyaye si wetu. Nguzo iliyopakwa rangi nzuri na ndani haina nguvu ni chungu ileile. Ila mnunuzi wa nafaka hupoteza fedha, na mpangaji hupoteza roho.

Kutoka Kariakoo hadi Upanga ni mwendo wa miguu. Huko, katika eneo la Hospitali ya Muhimbili, ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako madaktari hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi moyoni, wakiongozwa na picha ya mashine. Elimu ya vipimo ni ileile: huku imeheshimiwa, yaponya, kule imedharauliwa, yaua.

Siku hizi kompyuta hupiga hesabu za nguzo, na roboti hufanya kazi za mikono. Mwislamu hana sababu ya kuziogopa. Al-Jazari, fundi Mwislamu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1206 mitambo ijiendeshayo, na mmojawapo ni wa kumiminia maji ya kutawadha. Lakini Sura Ahzab yatufundisha kuwa amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vikakataa kuichukua, mwanadamu akaichukua. Ikiwa mlima haukuibeba, mashine itaibebaje? Mashine haina nia, wala haitafufuliwa kuulizwa. Siku ya Hukumu hatutaweza kusema, "Kompyuta ilikosea." Ataulizwa aliyeiamini bila kuhakiki.

Basi wewe kijana mhandisi, uliyekula kiapo cha kazi yako, tajiri akikuambia, "Punguza saruji, nani ataona?" mkumbuke Nabii Nuhu a.s., aliyeamrishwa kuunda jahazi mbele ya macho ya Mungu. Kataa, hata ukikosa ujira wa mwezi. Mwenye jengo, usimlazimishe fundi maskini achague kati ya mkate wa watoto wake na roho za watu. Nawe mpangaji uonaye ufa, usinyamaze kwa kuogopa kuhamishwa.

Kila siku mwadhini anatuita tuje kwenye falah, yaani kufaulu na kustawi. Mwito huo haukomi mlangoni mwa msikiti; unatufuata hadi kwenye karakana na jukwaa la waashi.

Ewe Mola, warehemu waliokufa chini ya vifusi, wafariji waliofiwa, na utujalie kupima kwa haki yale watu wasiyoyaona, ambayo Wewe unayaona. Amin.