Mwalimu Mgeni na Ulimi wa Mtoto

Tangu mwaka 1961, ulipoanza mpango wa Walimu wa Afrika Mashariki chini ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, vijana wengi wa ng'ambo wamekuja kusomesha kwetu. Wengine huja wakiwa bado wanafunzi wa ualimu, na kazi yao ni Kiingereza. Je, mwalimu huyo ana haki gani juu ya ulimi wa mtoto?

Tutazame Murukulazo, mkoani Kagera. Mtoto wa huko hupokea lugha ya kwao kwa mamaye. Shule ya msingi humpa Kiswahili; akifika sekondari, masomo ni kwa Kiingereza. Basi anayekosea neno la Kiingereza amekwisha kubeba lugha mbili, na huenda mwalimu wake anayo moja tu. Nani mjinga hapo?

Kusahihisha ni wajibu. Kucheka ni dhulma. Kosa la sentensi hutengenezwa mara moja, lakini mtoto aliyetahayarishwa mbele ya wenziwe hufunga kinywa, na aliyefunga kinywa hajifunzi lugha. Tena hurudi nyumbani akiionea haya lugha ya mamaye, hali Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, imehesabu tofauti za lugha kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu.

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Mtu wa pwani apelekwaye bara kusomesha, akacheka matamshi ya wenyeji, yumo katika hukumu hiyo hiyo. Mwalimu na ajifunze kwanza salamu za watu, ndipo awafundishe za kwake.