Kinasa Sauti Kichaguliwe kwa Kumfikiria Msimuliaji

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone Ujiji, na salamu inayosemekana aliitoa siku ile imeutangaza mji huu duniani kote. Lakini ukurasa wa shajara ya Stanley uliohusu mkutano huo ulichanwa, na Livingstone mwenyewe hakuitaja salamu hiyo katika maandishi yake. Wapo wanahistoria wanaoamini kuwa Stanley aliitunga baadaye. Mapema mwaka huohuo, kabla ya mkutano huo, Livingstone alikuwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako karatasi na wino vilimwishia. Ikambidi aandike juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino uliotokana na mmea wa huko. Humo alieleza jinsi watu walivyouawa sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai. Wino ulififia kiasi kwamba maandishi yale hayakusomeka vizuri hadi mwaka 2011, wataalamu walipoyapiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali. Shahidi alikuwapo, tena aliandika kwa bidii, lakini kifaa alichotumia nusura kimnyime wasikilizaji. Yeye hakuwa na la kuchagua. Sisi tunalo, na ndiyo maana naona kuchagua kinasa sauti ni jambo la heshima kabla halijawa jambo la bei.

Nazungumza na mwanafunzi wa chuo, mwandishi wa habari na mjukuu anayetaka kurekodi simulizi za wazee wa Kigoma. Hazina ipo, ila inapungua. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972, Warundi walipovuka mpaka wakikimbia mauaji, sasa amepita miaka 70. Wapo wanaokumbuka walivyohamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Wapo waliowapokea Wakongo waliovuka ziwa mwaka 1996, na wengine waliowaona Warundi wakijazana Kagunga mwaka 2015, hadi meli ya Liemba ikatumika kuwaleta Kigoma mjini. Watu hawa wakizungumza, sehemu ya ushahidi iko katika maneno, na sehemu nyingine iko katika namna yanavyotamkwa: pale sauti inapopanda, pale mtu anapokaa kimya kabla ya kumtaja aliyefariki.

Atatokea wa kusema kwamba daftari linatosha. Ni kweli wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi simshauri mtu aende kwenye mahojiano bila kalamu. Majina ya watu na vijiji lazima yaandikwe. Lakini Kiha, lugha ya wazee wengi wa huku, ni lugha ya toni. Maneno mawili yanaweza kuandikwa sawasawa na yakatofautishwa na mpando wa sauti peke yake. Zaidi ya hapo, anayeandika kila neno huinamisha kichwa muda wote, na mzee hubaki akizungumza na utosi wake. Kifaa kikinasa, msikilizaji anapata nafasi ya kumtazama mzee usoni na kuitikia kama adabu inavyotaka.

Mwingine atauliza kwa nini asitumie simu aliyonayo. Hoja hii ina nguvu, na asiye na njia nyingine atumie simu, mradi azime mtandao wake kwanza ili asipigiwe katikati ya simulizi, kisha ahamishe rekodi siku hiyohiyo. Ila simu ina kazi mia, na ikiibiwa au ikitumbukia majini, simulizi imekwenda nayo. Kinasa sauti kinachofaa huku kwetu si lazima kiwe cha gharama kubwa. Kiwe kinatumia betri ndogo zinazopatikana dukani, kwa sababu kijijini umeme unaweza kukatika na betri ya ndani ikaisha. Kiwe na kadi inayotoka, na tundu la visikilizio, ili anayerekodi asikie kile kifaa kinachosikia. Kiwe kinarekodi faili za WAV, ambazo hazibani sauti. Kwa ubora wa sidii, saa moja hula takriban megabaiti 635, hivyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya saa 45. Hapo hakuna sababu ya kubana sauti ya mzee ili kuokoa nafasi.

Kisha kuna mahali penyewe. Pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, upepo wa ziwa ukigonga maikrofoni iliyo wazi hutoa ngurumo inayofunika maneno, na injini ya boti ikiwashwa hakuna programu itakayoyarudisha yote. Sponji ya kufunika maikrofoni, au kile kifuniko cha manyoya, ni kitu kidogo chenye msaada mkubwa. Kifaa kiwekwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na kifua cha msemaji, ili meza ikigongwa mshindo usiingie. Ule mtindo wa kifaa kujizima chenyewe mtu anaponyamaza uepukwe: hukata mwanzo wa maneno, na hufuta ule ukimya ambao nao ni sehemu ya simulizi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kinasa sauti huwatia watu hofu. Kwa mtu aliyekimbia vita, anayeishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na mwenye ndugu waliobaki nyuma, hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa sauti humtambulisha mtu kama sura yake. Dawa yake si kukificha kifaa. Vile vinasa sauti vilivyoundwa kama kalamu visinunuliwe kwa kazi hii hata kidogo. Chagua chenye taa nyekundu inayoonekana, mweleze mzee kinavyofanya kazi, mwonyeshe kitufe cha kukizima, na umpe ruhusa ya kukibonyeza mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ridhaa ya mhusika ni moja ya misingi yake. Hata isingekuwapo, utu ungetudai hivyohivyo. Akikataa kurekodiwa, zima kifaa na uendelee kumsikiliza.

Basi wewe unayejiandaa kununua, usiulize kwanza ni kipi kinachovuma sokoni. Jiulize kama mzee atakiona, atakielewa na atakiamini, na kama kitukuu wake ataweza kumsikia vizuri. Ukishamaliza kurekodi, tunza nakala tatu, moja mahali pengine, na moja umpe mwenye simulizi, kwa maana ni yake kabla haijawa yako.