Mizani ya Shairi na Mizani ya Haki

Ndugu msomaji wa Katonga, katika mwambao wako huo huo, huko Ujiji, ndiko alikozaliwa Sheikh Kaluta Amri Abedi. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Mwalimu wa mizani ya shairi alikabidhiwa mizani ya haki.

Qurani Tukufu, katika Sura Ash-Shuaraa, yawalaumu washairi wasemao wasiyoyatenda, lakini yawavua lawama walioamini na kutenda mema. Basi ukiombwa kumtungia kiongozi sifa, usitosheke na vina. Jiulize: je, mjane aliyemwendea kudai haki yake ataliitikia shairi hilo? Asipoweza kuitikia, usilitunge. Mwenyezi Mungu atuepushe na sifa za uongo. Amin.